Magonjwa Matatu ya Dada

Dada yangu na mimi tunaoka mikate. Mimi nakanda, yeye anashika tanuri. Sheria yetu ni moja: trei moja itoke ndipo nyingine iingie, ukichanganya unaunguza zote. Na ndivyo alivyougua, trei kwa trei.

Kwanza uso. Ulikuwa unaiva ghafla mpaka shingoni, kisha unapoa. Nani ashangae mtu wa tanuri kuiva uso? Zahanati walimwambia ni uzee unaingia. Baadaye tumbo la kuendesha. Akaenda siku nyingine, akakutana na daktari mwingine, akapewa dawa za minyoo. Kifua kikaanza kupiga miluzi. Nacho kikapata siku yake, wakasema ni vumbi la unga. Kila jibu lilikuwa na akili yake. Hakuna aliyeyasikia magonjwa yote matatu kwa pamoja, maana Dada hakuyasema kwa pamoja.

Alipokonda mpaka gauni likamning'inia kama limetundikwa msumarini, nikampeleka mwenyewe hospitali. Daktari alikuwa mpya, binti wa rika la mwanangu. Dada akaeleza kifua.

"Na kingine?"

"Kingine nitakuja nacho siku nyingine, mwanangu. Foleni ndefu."

"Foleni niachie mimi, mama. Leta vyote leo."

"Vyote utahitaji gunia," nikasema.

"Msamehe," Dada akamwambia. "Mdomo wake ulizaliwa bila kufuli."

Akavitaja. Hajamaliza, uso ukaiva mbele yetu, feni inavuma na tanuri liko mtaa wa pili. Daktari akaweka kalamu chini. Akamgusa shingo: moto, lakini kavu, hata tone la jasho. Akamlaza, akambonyeza chini ya mbavu za kulia, na mkono ukakawia pale.

Akaagiza vipimo vya damu na mkojo, na picha ya tumbo. Majibu yalipotoka alitueleza polepole. Kuna uvimbe kwenye utumbo, saratani ya seli zinazotengeneza homoni. Hukua kimyakimya kwa miaka. Homoni hizo ndizo zilizomwasha uso, zikamwendesha, zikambana kifua. Ugonjwa mmoja, na umeshasambaa kwenye ini.

"Unatoka?" Dada aliuliza.

"Hautoki, mama. Kuna sindano za kila mwezi za kuutuliza. Utapata nafuu, na muda. Muda gani, sijui."

Nikamuuliza ingekuwaje kama ungeonekana tangu uso ulipoanza. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Pengine ulikuwa umeshafika kwenye ini. Lakini asingeteseka hivi."

Kwenye korido Dada aliketi kwenye benchi, akafunga kitambaa chake upya.

"Walisema ni uzee," akasema. "Nikaulaani bure, mdogo wangu. Kumbe uzee wenyewe sitauona."

Nikaketi karibu naye. Waliokuwa kwenye benchi wakasogea, wakatupa nafasi.