Wifi wa Mkono wa Shoto

Mama Pacha alikuwa na kijiba cha roho, na kijiba chenyewe kilikuwa na sura na miguu: wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye mashabiki walimwita Kishindo.

Si kwamba alimchukia. Angemchukia ingekuwa nafuu. Tabu ni kwamba kila Kishindo alipokaa kwenye ngoma, Mama Pacha alisimama pembeni ya jukwaa mdomo wazi, hata kupepesa macho akasahau. Vijiti vilishuka kama kunde zinazomwagwa kwenye sinia, vikanyamaza ghafla, halafu ile ngoma kubwa ya mguu ikakupiga kifuani, ukadhani ni moyo wako mwenyewe. Watu wakapiga mayowe. Mama Pacha naye akapiga, kisha akakumbuka, akafumba mdomo, na roho ikaanza kumchoma upya.

Maana kiti kile kilikuwa chake.

Bendi ile ya roki waliianzisha yeye na mumewe, mume kwenye gitaa, yeye kwenye ngoma, enzi hizo hata hawajaoana. Alipopata mimba ya mapacha, tumbo likakua mpaka mikono haifiki kwenye matoazi. Mumewe akamwambia, "Pumzika kidogo. Mdogo wangu atakushikia kiti. Ukimaliza kunyonyesha, utarudi." Na ni Mama Pacha mwenyewe aliyemfundisha wifi, jikoni, juu ya masufuria yaliyofunikwa, akimgonga vidole kwa mwiko kila alipouwahi mdundo. Mapacha wakaacha ziwa, wakaota meno, wakayang'oa, wakaanza shule. Kiti bado kinashikwa tu.

Yeye akabaki na cherehani yake sebuleni. Mguu ulikanyaga kwa mdundo mpaka wateja wakamcheka: "Fundi, hiyo unashona suruali au unatuchezesha dansi?" Siku za maonyesho, kazi yake ikawa kumpangia wifi ngoma. Kishindo alikuwa mtu wa mkono wa shoto, kwa hiyo kila kitu kilikaa kinyume, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia. Wengine walipojaribu kupanga, Kishindo alinung'unika. Akipanga Mama Pacha, alikaa tu akaanza.

Basi Jumamosi moja wakaalikwa kupiga alasiri kwenye ukumbi mkubwa ambao hawajawahi kuingia mfano wake. Asubuhi, wakipakia vyombo, Mama Pacha akajikaza kisabuni.

"Baba Pacha, kile kiti changu nakitaka."

Mumewe akabaki ameshika waya mkononi. "Leo?"

"Si leo. Lakini nakitaka. Ulisema."

"Nilisema, ndiyo." Akajikuna shingo. "Sasa Kishindo nimpeleke wapi, mke wangu? Watu wanamfuata yeye. Halafu na wewe, mkono bado upo kweli?"

Neno lile lilimwingia kama sindano chini ya ukucha.

Walipofika ukumbini akapanga ngoma kama kawaida. Wenzake wakatoka kwenda kula. Ukumbi ukabaki mtupu, viti vimejipanga vinamtazama. Mama Pacha akachungulia mlango huu, akachungulia ule. Kisha akaanza kuhamisha. Matoazi akayavuta upande wake, ngoma akazigeuza zote, kanyagio la mguu akalisogeza, akashusha kiti kidogo, akakaa.

Alianza polepole, kama mtu anayeingia maji baridi. Mkono upo! Akapiga nyimbo zao za zamani, akacheka peke yake kama mwehu. Angeishia hapo ingekuwa salama. Lakini akataka na ile ya Kishindo, ile ya kunde. Akajaribu, ikakwama. Akarudia, ikakwama palepale. Jasho likamtoka, meno akayauma, hata hakusikia watu wanaingia mpaka mtu alipopaza sauti, "Fungeni pazia!" Akaruka kitini kama aliyekamatwa anaiba sukari, akajificha pembeni. Kingine chochote hakukikumbuka.

Pazia lilipofunguliwa, Kishindo aliingia mbio, mikono juu, ukumbi ukalipuka. Akakaa. Akaganda.

Hapo ndipo Mama Pacha alipokumbuka. Ngoma zilikuwa zimekaa kwa mkono wa kulia. Nani atamwamini kwamba alisahau?

Gitaa lilikuwa limeshaanza. Mkono wa shoto wa Kishindo ukaenda kutafuta toazi, ukakuta hewa. Mikono ikapandana, kijiti kikadondoka. Bwana mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Leo kishindo kimekuwa kikohozi!" Watu wakacheka. Na Mama Pacha, tuseme kweli, alisikia utamu, kama kijiko cha asali. Ulikuwa utamu wa kijiko kimoja tu. Alipomwona yule binti anavyohangaika, midomo imekauka, utamu wote ukageuka shubiri.

Wimbo ukaisha, makofi ya kuhesabu. Kishindo akageuka, akamwona wifi yake, akakitazama kiti kilivyoshushwa. Akamfuata pembeni na vijiti.

"Wifi, wewe umekaa pale."

"Haki ya Mungu sikufanya makusudi."

"Najua. Ungefanya makusudi ungelegeza kiti nianguke." Akamtia vijiti mkononi. "Haya, zimekaa kwa mkono wako, na watu wanangoja. Panda."

"Na gauni hili?"

"Ulikuwa unapanda na tumbo la watoto wawili, gauni ndilo litakushinda? Panda, wifi, unatutia aibu."

Akapanda. Akapiga nyimbo mbili za zamani. Mumewe akageuka na gitaa lake, akamtazama kwa macho ya enzi zile, na Mama Pacha akahisi miguu haigusi sakafu. Watu wakampigia makofi mazuri, ya heshima.

Kisha wakazigeuza ngoma, Kishindo akakaa. Lo! Binti alikuwa na hasira ya ule wimbo wa kwanza, akaimwaga yote. Yule bwana wa kikohozi alipanda juu ya kiti akapiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Na Mama Pacha, pembeni, mdomo wazi.

Nje, wakipakia, jua bado lipo, akamuuliza mumewe: "Nilipigaje?"

"Vizuri. Vizuri sana, hukupotea hata mahali pamoja."

"Na yeye huwa unamwambiaje?"

Mumewe akafikiri. "Yeye simwambii kitu. Huwa nasahau kusema."

 Neno lile lilimuuma Mama Pacha kuliko la asubuhi, maana hata yeye, kule pembeni, alikuwa amesahau kufumba mdomo. Akaikaza kamba ya ngoma kubwa mpaka ikalia.

"Basi sikia, Baba Pacha. Nyimbo mbili za mwanzo ni zangu, kila onyesho. Zilizobaki mpe."

"Na wivu wako?"

"Wivu wangu niachie mwenyewe."

Kishindo akatokea amekumbatia matoazi, anatafuna kitu. Mama Pacha akamvuta kando, akashusha sauti.

"We mtoto, kile kitu unachokifanya katikati ya wimbo. Unakianzaje?"

Kishindo akaacha kutafuna, akawaza kwa dhati kabisa. "Sijui, wifi. Kinakuja tu."

"Kinakuja tu," Mama Pacha akarudia. Heri angemtukana.