Mama Aione Kioda

Mdogo wangu Dorothy anaishi kwa kuwasha na kuzima taa. Sisemi kwa dharau; ndivyo nilivyoielewa kazi yake miaka yote, na hapa Lituhi wengi ndivyo wanavyoielewa hadi leo. Makazi yake ni Dar es Salaam, lakini ukimpigia simu yuko Kigali, mara Zanzibar, mara nchi ambayo jina lake sijawahi kulisikia. Anafuatana na vikundi vya ngoma na kuwapangia taa za jukwaani. Akija likizo, majirani humletea redio zilizokufa. Kuna mwaka mzee Kilian alimletea sola nzima pamoja na paneli yake, akasema, "Fundi, hebu itazame." Dorothy aliitazama, akaitengeneza, akamrudishia bila kumweleza kwamba yeye si fundi wa namna hiyo.

Safari hii hakuja likizo. Nilimwita mimi, kwa sababu ya macho ya Mama.

Mama yetu, Edina, aliongoza kikundi cha kioda cha hapa tangu sisi tukiwa wadogo. Kioda ni ngoma ya wanawake wa huku Ziwa Nyasa: magauni meupe, mistari iliyonyooka, na mbele yao mmoja mwenye filimbi. Mwenye filimbi alikuwa Mama. Sasa ana presha ya macho. Daktari hakutuficha: kilichopotea hakirudi, na dawa ni za kulinda kilichobaki, ambacho ni kidogo. Pembeni Mama haoni kabisa. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hapo napo ukungu unazidi. Alipoambiwa hayo hakulia. Alisema, "Basi nataka niwaone wanakioda wangu mara moja, wakati bado naona."

Tulijaribu mchana. Jua la huku mnalijua, linapiga kwenye mchanga, linapiga kwenye maji, na magauni yenyewe ni meupe. Mama aliona weupe mtupu. Alipiga makofi kwa adabu hadi ngoma ikaisha, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Jioni ile ile nikampigia Dorothy.

Alishuka kwenye gari la kutoka Mbinga na sanduku moja. Sikuficha hasira zangu.

"Hizi ndizo taa?" nilimuuliza. "Nimeshawatangazia watu kwamba Lituhi yote itang'aa!"

"Umewatangazia vibaya, kaka," alisema, akacheka, akaenda kumwamkia Mama.

Siku mbili nzima hakugusa taa hata moja. Alimweka Mama kwenye kiti uwanjani, yeye akawa anatembea mbele yake na kitambaa cheupe mkononi. "Na hapa, Mama? Na hapa?" Mama akisema amempoteza, Dorothy anachomeka kijiti ardhini. Mwishowe vijiti vile vikaonyesha kinjia chembamba, hata mtumbwi ungekijaza. Nyuma ya kinjia akatundika maturubai meusi, akawaambia kina mama wacheze wakifuatana ndani ya kinjia hicho.

Hilda, anayeongoza kikundi sasa, hakupendezwa. "Kioda ni mistari, mwanangu. Hii si foleni ya zahanati."

"Shikamoo tena, mama Hilda," alisema Dorothy, na akapiga goti kabisa. "Kwa wengine wote chezeni mnavyotaka. Jumamosi mchezeeni mtu mmoja."

Hilda alikunja uso, lakini alikubali.

Jumamosi ikafika, na sisi wavuvi hatukuingia ziwani. Giza lilipoingia watu walikuwa wamejaa, hata wa kutoka Mbaha walikuwepo, na wote wananiuliza zile taa nilizowasifia ziko wapi. Dorothy alikuwa ameenda kumchukua Mama. Nikatazama vile vitaa vyake vidogo, vimeinamishwa chini kama vimekosa, nikaona aibu mpaka masikioni. Nikawaita wenzangu. Tukaleta taa zetu za kuvulia usipa, wale dagaa wa huku, na betri zake.

Sisi wavuvi wa usipa tunajua jambo moja kuhusu taa: ukitaka kupata, zungushia mwanga. Tukazizungusha uwanja mzima, mbele, nyuma, kila pembe, kama tunavyozungusha wavu. Mama alipoketi tu, nikawasha zote. Watu walipiga kelele za furaha. Mimi nilitanua kifua.

Mama aliinua kiganja akafunika macho.

"Hamphrey," aliita, "mbona mmewasha jua? Wako wapi watu?"

Ngoma zilikuwa zimeanza. Kina mama walikuwa wakicheza mbele yake, hatua chache tu, na yeye anageuza uso huku na huku akitafuta. Mimi ningekuwa Dorothy, mtu angepigwa kofi. Yeye alikuja akanishika bega.

"Umewazungushia vizuri sana, kaka. Ila Mama si usipa. Mwanga ukimwangalia yeye usoni, haoni kitu. Zima."

Nikazima. Watu wakaguna. Uwanja ukawa mweusi, ngoma zikanyamaza, nikasikia mawimbi tu na mtoto mmoja akilia.

Kisha vitaa vya Dorothy vikawaka taratibu kutoka nyuma ya kiti cha Mama, chini chini, upande mmoja. Havikumulika uwanja. Havikumulika watazamaji wala miti. Viliangukia kinjia kile peke yake, na maturubai yale meusi yakaumeza ulimwengu wote uliobaki. Hilda akaingia kwenye mwanga na filimbi mdomoni, na gauni lake likaonekana kila mkunjo. Nimecheza na taa maisha yangu yote, na sijawahi kuona mtu akionekana hivyo. Nilimwonea fahari mdogo wangu.

Mama alishusha kiganja. Aliinama mbele.

"Hilda," alisema. "Shingo, Hilda! Inua shingo."

Hilda akainua shingo, na filimbi ikayumba kidogo.

"Huyo Violet. Amenenepa, lakini bado anajua. Na huyo wa nyuma yake anachelewesha mguu wa kushoto, nani alimfundisha?"

Watu walicheka, na wengine walikuwa wanalia. Mama aliwataja mmoja mmoja walivyopita, akiwasahihisha wote, na hakuna aliyesahihishwa ambaye hakutabasamu. Walipomaliza kupita wakazunguka wakapita tena bila kuambiwa.

Ngoma ziliponyamaza na vitaa vikazimwa, Mama aliuliza, "Na wa taa yuko wapi?"

"Niko hapa, Mama," alijibu Dorothy kutoka gizani, nyuma ya watu wote. Kumbe ndipo anaposimama siku zote, katika nchi zote hizo.

"Sauti yako naisikia kwenye simu kila Jumapili. Nataka kukuona."

Dorothy hakusogea. Huyu aliyewamulika watu wa mataifa alishikwa na haya mbele ya kijiji chake. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye vijiti. Halafu nikachukua taa yangu moja ya usipa, nikaenda nyuma ya kiti cha Mama, nikaiinamisha ipite juu ya bega lake isimguse macho, nikaiwasha.

"Kushoto kidogo, kaka," alisema Dorothy huku machozi yakimtoka.

Nikaisogeza kushoto kidogo.

Mama alimtazama kuanzia miguuni, polepole, kipande kwa kipande, mpaka akafika kichwani.

"Una mvi, mwanangu," alisema.

"Ninazo, Mama."

"Hukuniambia."

Betri ilikuwa inaanza kuchoka, na watu wakaanza kukunja mikeka yao. Nikapeleka kidole kwenye swichi.

"Hamphrey," alisema Mama bila kugeuka, "usizime."

Sikuzima.