Ukuta wa Bukavu

Muzee Cirimwami, mwalimu wa kuogelea, hakuwa na pisini, bwawa la kuogelea la kujengwa. Alikuwa na Ziwa Kivu, na ziwa halina ukuta. Pale Himbi, mtaa wa Goma, alifunga bidoni la njano, dumu tupu, kwa kamba na jiwe, likaelea mbali, akawaambia wanafunzi wake walizunguke. Anayeligusa, ametoka! Na usicheze naye, alikuwa mkali huyo.

Héritière alilizunguka bidoni hilo tangu sekondari, waasi wakitawala mji. Januari 2002 volkano ikala nyumba yao, wakakimbilia Gisenyi na godoro moja. Baada ya wiki tatu alikuwa tena majini, mama yake akasema huyu mutoto amerogwa. Hata iniversite alitaka kitu kimoja tu: kwenda Kinshasa kwenye michezo ya wanafunzi. Mwaka wake wa mwisho nafasi ikaja. Mashindano Bukavu, msichana mmoja atachukuliwa, yule mwenye muda mfupi kuliko wote.

Akapanda boti na Muzee na Uwizeye, msichana wa mwaka wa kwanza, mwanafunzi wa Muzee pia. Boti ikachelewa, hawakupata hata kuyajaribu maji ya pisini.

Kundi la Héritière likatangulia. Mama yangu, aliogelea! Akawaacha wenzake mbali, akafika mwisho, akageuka shubiri moja kabla ya ukuta. Hakuugusa. Miaka sita mwili wake ulifundishwa hivyo. Akamaliza wa kwanza, akatoa kichwa akicheka, na mwamuzi akamwambia ametolewa kwa kutougusa ukuta.

"Ni kosa yangu," Muzee alimsihi mwamuzi. "Muniazibu miye." Mwamuzi akakataa.

Uwizeye akaja kutoka chumba cha kubadilishia nguo, zamu ya kundi lake imefika. Hakuwa ameona kitu. Héritière akimnyamazia, watarudi Goma sawasawa, wote mikono mitupu. Tuseme ukweli, alinyamaza kidogo. Roho ilimuuma mno. Kisha akamkimbilia miguu mitupu.

"Weye! Ukuta unaguswa! Gusa, ndipo ugeuke!"

"Lakini Muzee anakatazaka…"

"Achana na Muzee! Gusa!"

Filimbi ikalia. Uwizeye akafika ukutani, akasita, akaupiga kofi hata maji yakaruka. Héritière alipiga kelele kuliko watu wote pale, mpaka likatajwa jina la atakayekwenda Kinshasa: Uwizeye. Hapo akajifunika taulo usoni, akalia kwa sauti, na Uwizeye akaketi kando yake, bado amelowa, akamshika mkono.