Pumzi za Nahodha

"Nani kakwambia nahodha anarudi?" Mwelekezi aliuliza akiwa bado mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

Tulikuwa watatu studioni: mimi niliye mwandishi wa mchezo wa redio, fundi sauti, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa sauti ya nahodha wa chombo chetu cha angani tangu mchezo uanze. Alipopata mimba, mwelekezi alidai pumzi zake zinasikika kwenye maikrofoni. Mimi nilikuwa likizo. Aliandika ukurasa mmoja mwenyewe, akamtumbukiza nahodha kwenye shimo jeusi, na kazi ya mdogo wangu ikazama humo humo. Sasa mtoto ameshaanza kukaa, na mimi ndiye niliyemwita mama yake aje asome.

"Shimo jeusi halirudishi mtu," mwelekezi alisema. "Si wewe ulinifundisha?"

"Halirudishi. Atatokea kwenye shimo jeupe."

Nilimweleza polepole. Hesabu ni zile zile za shimo jeusi, ila wakati umegeuzwa nyuma. Lile linameza na halitoi kitu. Hili linatema, wala hakuna kinachoweza kuliingia. Hakuna aliyewahi kuliona. Kwamba ukizama kule utaibukia huku, hapo ndipo sisi watunzi tunapotia chumvi.

"Kumbe uongo mtupu!"

"Kama zile pumzi zangu," mdogo wangu alisema.

"Kanda zote ninazo, bosi," fundi sauti akadakia bila kuinua kichwa. "Pumzi ninazosikia ni zako, ukimfokea."

Akabonyeza kitufe. Sauti ya shimo jeusi alikuwa ameitengeneza kwa mnyororo unaoburutwa ndani ya debe. Sasa aliicheza kinyumenyume, na debe lile lile likawa linatapika.

Mwelekezi alitazama saa. Tulikuwa tunakaribia kwenda hewani, mubashara, na hapakuwa na kurasa nyingine.

"Haya. Leo atoke. Wiki ijayo mrudishe humo humo, tumalizane."

"Haliingiliki."

"Dada, hii ni hadithi!"

"Ni hadithi yangu." Sijazoea kupandisha sauti, na hata hapo sikuipandisha, ila kidole nilichokuwa nimekikandamiza kwenye ukurasa kiliutoboa. "Mara ya kwanza ulimzamisha mimi sipo. Leo nipo. Ukitaka kumzamisha tena, tafuta na mwandishi wa kuzama naye."

Aliondoka kwa kishindo, au alikusudia hivyo. Mlango wa studio umejazwa sponji. Ulijifunga taratibu nyuma yake, bila mlio.

Taa nyekundu ikawaka. Debe likatapika. Badala ya kusoma mstari wa kwanza, mdogo wangu alisogeza mdomo hadi ukagusa maikrofoni, akavuta pumzi moja ndefu, akaishusha.

Fundi sauti akaipandisha hadi mwisho.