Nyuki wa Arizti Hawakuambiwa

Naapa kwa sufuria hii ya chewa wa chumvi mnayoiona jikoni hapa klabuni kwetu tunapojipikia wenyewe: nitakayosimulia yametokea yote, na sijaongeza hata punje. Mkininasa nimedanganya, adhabu yetu mnaijua. Nitavaa aproni nioshe masufuria yote.

Balendin wa nyumba ya Arizti alipoambiwa kwa simu kwamba dada yake anakuja kutoka Argentina, alisema, "Vizuri sana," kisha akakaa juu ya gogo la kuni na hakuinuka mpaka mbwa akaja kumnusa, kuhakikisha kama bado yu hai.

Joxepa hakuwa ameikanyaga Arizti tangu usichana wake. Nyumba kwetu haikatwi vipande. Humwendea mtoto mmoja, na wengine wakatafute dunia. Balendin alipewa nyumba, Joxepa akapewa sanduku la safari. Hakulalamika. Ila mama yao alipofariki, naye yuko ng'ambo ya bahari na mazishi hawezi kuyawahi, aliomba jambo moja tu.

"Umewaambia nyuki?" aliuliza kwenye simu. "Waambie na kwa jina langu."

Maana bibi wa nyumba akifa, mtu wa nyumba hiyo huenda kwenye mizinga, akaigonga, akawapa nyuki habari na kuwaomba nta zaidi kwa mshumaa wa kanisani. Wasipoambiwa, hufa au huhama. Siku ile Balendin alikuwa na waombolezaji hadi ngazini, kahawa inafurika jikoni, padri anataka kusindikizwa. Akajibu, "Nimewaambia," akikusudia kwenda jioni. Jioni ikawa kesho, kesho ikapotea. Majani yalipochipua, mizinga ya mama ilikuwa mitupu kama maboksi ya viatu.

Hakumwambia mtu, isipokuwa jirani yake Eustakio, ambaye naye hufuga nyuki. Kila Krismasi alichukua asali ya Eustakio, akaituma Argentina kama asali ya Arizti. Na kila Krismasi dada yake alilia kwenye simu, akisema anaonja mikono ya mama.

Sasa huyo dada anakuja mwenyewe.

"Siku nne," Balendin alimwambia Eustakio, papa hapa, mbele ya jiko hili. "Mwezi wa pili, msimu wa pombe ya tufaha. Anasema anataka kuonja kwao kabla hajazeeka meno."

"Basi muonjeshe," Eustakio akasema huku anamenya vitunguu saumu. "Mtu akishiba sawasawa hapandi kilima kwenda kukagua mizinga."

Wakaipanga ziara ya Joxepa kama watu wanaopanga vita. Siku ya kwanza mjini Donostia, baa hadi baa, vitafunwa vya kuchomekwa kijiti mpaka miguu ikatae. Siku ya pili Astigarraga, kwenye mapipa ya pombe ya tufaha. Siku ya tatu sokoni Tolosa, na baada ya soko maharage meusi na kabichi na soseji ya damu, chakula cha kumlaza hata askari. Siku ya nne hapa klabuni, halafu uwanja wa ndege. Hata kifungua kinywa kilipangiwa mkahawa wa mjini.

"Na kulala?"

"Atalala nyumbani. Lakini afike kachoka."

Eustakio akafikiri. "Nikuletee mizinga yangu miwili, tuiweke pale ya mama ilipokuwa. Hatajua."

"Sasa nimdanganye na kwa nyuki?"

"Kwa asali umeshamdanganya, bwana. Nyuki ni ndugu zake tu."

Balendin alilitamani wazo lile, naweza kuwaambia. Mwisho akatikisa kichwa. "Nyuki wako hawakumjua mama," akasema.

Joxepa akaja. Mdogo wa umbo, mvi tupu, na kicheko cha mama yake mzazi, hata Balendin pale uwanjani alishtuka. Donostia alikula akasifu. Astigarraga pipa lilipofunguliwa na watu wakaitana kupanga foleni, Joxepa alikinga glasi yake kwa mbali, uzi wa pombe ukaingia bila kumwagika tone. Vijana wakampigia makofi. Balendin akaanza kupumua.

Likaletwa pande la nyama na mfupa wake.

"Unaninenepesha kama nguruwe anayengoja kisu," Joxepa akasema. "Kesho tupike nyumbani."

"Kesho ni Tolosa, dada."

"Keshokutwa, basi."

"Klabuni. Wanakungoja, wameshanunua samaki."

Joxepa akaweka kisu chini. "Siku nne, na hakuna hata mlo mmoja jikoni kwa mama. Mtoto wa nyumba halishwi nje, Balendin. Hulishwa nje mgeni, au mtu anayefichwa jambo."

"Jiko linatoa moshi."

"Limetoa moshi tangu enzi za babu, na babu alikula."

Balendin alitafuna kile kipande cha nyama mpaka kikawa kamba, kisikubali kushuka. Kumbe karata yake mbovu ilikuwa hiyo. Alifikiria kila kitu isipokuwa kwamba dada yake bado ni mtu wa hapa.

Asubuhi alikuta kitanda cha Joxepa kimetandikwa. Nje umande ulikuwa umeganda mweupe, na nyayo zilipita nyuma ya zizi, zikapanda kilima moja kwa moja. Akazifuata na fulana ya kulalia, miguu mitupu.

Dada yake alikuwa amesimama mbele ya mizinga. Mkononi alishika utepe mweusi aliotoka nao Argentina, wa kuifunga mizinga, kama ifanywavyo kwenye nyumba yenye msiba.

"Nimegonga," akasema bila kugeuka. "Hawajibu."

"Hawamo, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule."

"Uliwaambia?"

Balendin akatazama vidole vyake vya miguu, vyekundu kwa baridi. "Sikuwaambia."

Dada yake akageuka. "Na asali?"

"Ya Eustakio."

"Basi nimewalisha wajukuu wangu mikono ya Eustakio," Joxepa akasema, na hakucheka. Akaufunga utepe, akaubana fundo. "Waambie sasa."

"Mzinga mtupu?"

"Waambie."

Balendin akapiga magoti, akagonga. "Nyuki wadogo, nyuki wadogo," akasema, "bibi wa Arizti amefariki. Tengenezeni nta, kanisani panahitajika mwanga. Nasema kwa jina langu na la Joxepa."

Na hapo, jamani, ndani ya ule mzinga wa mti mkavu pakavuma. Likatoka kundi la nyuki, kubwa kama paja la nguruwe, likamzunguka Joxepa mara mbili kumnusa, likatua juu ya utepe na kuutia dhahabu wote, mpaka...

"Mwezi wa pili?" Eustakio akauliza kutoka jikoni. "Mwezi wa pili nyuki wamekumbatiana ndani kwa baridi kama vifaranga. Kundi gani linahama kabla ya maua?"

Meza nzima ikacheka. Nikasema nyuki wa Arizti ni wa ukoo mwingine kabisa.

"Hapakuwa na nyuki."

Alikuwa Balendin, amekaa mwisho wa meza, penye giza. Nilidhani kaenda nyumbani. Kicheko kikakatika.

"Malizia ilivyokuwa," akaniambia.

Haya. Hapakuvuma kitu. Joxepa alilaza sikio juu ya mzinga mpaka shavu likashika baridi, kisha akashuka, akawasha jiko la mama. Likatoa moshi. Akakaanga mayai, wakala wawili wao machozi yakiwatiririka, na hakuna aliyesema kama ni moshi. Tolosa hawakwenda. Klabuni samaki tulikula wenyewe. Siku yake ilipofika akapanda ndege, na Krismasi iliyopita Balendin hakutuma chupa, na simu ya Arizti haikulia.

Eustakio akanirushia aproni. Nikaivaa bila ubishi, nikakunja mikono ya shati. Nilianza na sufuria ile niliyoiapia, na chini ilikuwa imeungua.