Jina Lililobaki Taa Ilipozimwa

Maganda ya mihogo aliyachoma Dufie, akayachemsha na kuyachuja mpaka akapata wino wa chembe ndogo mno, usioonekana mpaka umulikwe kwa taa ya zambarau. Lakini siku ya kumwonyesha Nana, chifu wa Waasante pale mjini, Profesa Tweneboa, mkuu wa maabara yao, alifuta jina la Dufie kwenye kazi ile, akamwamuru ashike mapazia.

"Prof, wino ni wangu."

"Binti, mtoto huvunja gamba la konokono, si la kobe. Niandikie kwa wino huo salamu za kumkaribisha Nana, basi."

Dufie akaandika. Salamu akazizungushia pambo pana, na ndani ya pambo akaficha maneno kwa wino wa pili aliokuwa ameupika kwa siri. Taa ikiwaka, wino wa aina zote mbili hung'aa sawasawa. Ikizimwa, wa kwanza hufa papo hapo, wa pili hubaki ukiwaka kwa pumzi chache. Prof hakulijua hilo, kwa kuwa maabarani alikuwa akipita tu kuchukua majibu.

Mapazia yakafungwa mchana kweupe. Prof akamulika karatasi, salamu zikatokea, watu wakapiga makofi.

"Na sasa siri inarudi kaburini," akasema kwa madaha, akazima taa.

Gizani yakabaki maneno ya kijani: DUFIE ALIUPIKA.

Prof akawasha taa haraka, maneno yakamezwa na pambo. Nana akamnong'oneza msemaji wake, maana chifu haongei na watu moja kwa moja.

"Nana anasema, zima tena."

"Kuna hitilafu kidogo," Prof akasema. "Dufie, fungua mapazia."

Dufie aliyakamata kwa mikono miwili. Alijua akiyaachia, jua litalimeza jina lake mbele ya mji mzima.

"Sifungui, Prof. Nana amesema uzime."

Prof akazima, na jina likawaka tena.

Msemaji akauliza Dufie ni nani.

"Ni mimi niliyewekwa huku nyuma. Mwambie Nana wino ni wangu, na gamba la kobe nimelivunja."

Kazi ya msemaji ni kuyatia asali maneno kabla hayajamfikia chifu. Siku hiyo aliyafikisha makavu, vilevile yalivyosemwa.