Saa ya Sitini

Shirika la ndege lilitangaza kuwa litawasomesha urubani vijana kumi na wawili kwa gharama yake. Waliokwisha kujifunza kuruka walitakiwa waonyeshe saa sitini za angani, zenye sahihi ya mwalimu. Ghalib Rawashda alikuwa nazo sitini kamili. Umri wa mwisho ulikuwa miaka ishirini na minane, naye angeuvuka mwezi ujao. Akikosa sasa, amekosa maisha yote, abaki kuziba matairi katika duka la shemeji yake.

Tatizo lilikuwa ile saa ya sitini.

Katika shule aliyojifunzia, pale Amman, mwalimu wao Kapteni Nayif alikuwa na mazoea yake. "Wino kwanza, mafuta baadaye," alipenda kusema. Mwanafunzi aliandika safari daftarini, mwalimu akatia sahihi, ndipo wakaiendea ndege, maana wakishatua Nayif hakutaka kuona karatasi. Alitaka kahawa na sigara. Asubuhi moja, miaka mitatu iliyopita, Ghalib aliandika mstari wake, ukatiwa sahihi, mara tumbo likamsokota. Jana yake alikuwa harusini, na mansaf, wali wa nyama ya kondoo, aliila kama mtu aliyeweka dau.

"Nenda wewe, Wasfi," alimwomba mwenzake.

"Kondoo mmoja tu kakuangusha, pahalawani?" Wasfi alicheka, akaenda.

Ndege ile iligonga mlima juu ya Bahari ya Chumvi. Hakurudi mtu. Shule ikafungwa, na mstari ukabaki daftarini kwa jina la Ghalib.

Siku ya usaili aliketi mbele ya watu wawili: Kapteni Hikmat, mzee mwenye masharubu meupe, na Bi Suhair wa ofisi ya ajira. Mzee alipekua daftari mpaka ukurasa wa mwisho.

"Hii safari ya mwisho, mwanangu. Nisimulie."

Ghalib alikuwa ameandaa uongo mfupi: anga safi, tumeruka, tumetua. Akafumbua kinywa.

"Tuliondoka saa mbili na dakika kumi," alisema. "Kapteni Nayif alikuwa akimenya chungwa. Akanipa vipande viwili."

Hilo hakulipanga. Hakujua limetoka wapi.

"Enhe?"

"Kiti changu kililegea, kikawa kinarudi nyuma kila nikivuta usukani. Nikamwambia. Akasema, 'Kaa kama bwana harusi, utazoea.' Tukacheka sana. Tukamcheka Ghalib pia."

Bi Suhair aliinua kichwa. "Mlimcheka nani?"

Ghalib alitaka kujisahihisha, lakini sauti ilikuwa imeshamtangulia. Mikono yake ilikamata hewa juu ya meza, vidole vimekaza. Harufu ya chungwa ilimjaa puani.

"Kisha vumbi likaja kutoka kusini, bonde likapotea. Kapteni akatupa maganda, akashika usukani wake."

Kapteni Hikmat alivua miwani.

"Maganda hayo niliyaokota mimi," alisema polepole. "Nilikuwa katika tume ya uchunguzi. Na kile kiti tulikikuta kimelegea. Hatukumwambia mtu wa nje, hata wazazi. Nani kakueleza wewe?"

"Nilikuwepo," sauti ilijibu, nayo ilikuwa na kicheko ndani yake. "Mlima ulipojitokeza nilimgeukia Kapteni, nikamwambia..."

Ghalib alijiuma ulimi mpaka akaonja damu. Akanyakua kalamu ya Bi Suhair, akaukata mstari ule kwa nguvu hata karatasi ikachanika.

"Si yangu!" alisema, na mara hii ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Saa hiyo si yangu. Sikuruka. Ninazo hamsini na tisa."

Mzee alilifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hamsini na tisa hazitoshi, mwanangu."

"Najua, Kapteni."

Alitoka. Katikati ya ngazi akaketi, kwa maana alitambua alichokifanya: alikuwa amemkata mtu kauli. Akalifungua daftari penye ule mchaniko, akaliinamia. Vijana waliokuwa wakipanda na bahasha zao walimkwepa, mmoja akamwuliza kama anaumwa.

"Wasfi," aliita kwa sauti ndogo. "Ulimwambia nini?"